Kidevu cha Firdausi

Sukari ilikuwa imekwisha kugeuka rangi ya asali Bi Mwanahalima alipoipua sufuria, akakamulia ndimu, akakoroga kwa mwiko mpaka uji ule mzito ukashikamana. Alidondosha tone katika kikombe cha maji baridi, akalifinya kwa vidole, akaridhika. Kazi hiyo aliijua. Wali wengi wa Kisarawe walikuwa wamepita mikononi mwake: aliwanyonyoa malaika za miguu na nywele za kwapa kwa sukari hiyo, akawasinga mwili kwa liwa ya manukato, akawafunda, na siku ya ndoa akawatoa nje waking'aa. Safari hii mwali alikuwa binti wa kaka yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa Jumatatu, ndoa Jumapili.

"Firdausi!" aliita, akigonga mlango wa chumba. "Sukari ikipoa itakuwa kashata. Fungua, mwanangu."

"Niache, shangazi."

"Nikuache uende Soga kwa mumeo na miguu kama ya beberu? Watasema Mwanahalima amezeeka, haoni tena."

Ndani hakucheka mtu. Maua, mama wa mwali, aliyekuwa akichambua mchele uani, aliinua uso akaushusha tena.

"Sitaki kunyonyolewa," sauti ya Firdausi ilitoka ikiwa imezibwa na nguo. "Sitaki kuguswa na mtu."

Saluni ya Mwinyijuma ilikuwa mbele ya nyumba hiyo hiyo, ikitenganishwa na chumba cha binti yake kwa ukuta mmoja tu wa matofali. Ukuta huo haukuzuia neno lolote. Basi Mwinyijuma akaingia uani kwa mlango wa nyuma, taulo begani na wembe mkononi.

"Kuna nini humu? Wateja wananisikilizia habari za nyumba yangu."

"Muulize mwali wako," alijibu dada yake.

Alibisha mara moja tu. Firdausi alimwogopa baba yake kwa namna ambayo watoto wa siku hizi hawaijui, akafungua. Alikuwa amejifunga ushungi mpaka juu ya pua.

"Shusha."

"Baba..."

"Nimesema shusha."

Akashusha. Kidevu chake chote kilikuwa kimebabuka, chekundu katikati, cheusi pembezoni, na shingoni vipele vimesimama safu kwa safu. Bi Mwanahalima aliachia mwiko. Mwinyijuma, ambaye riziki yake yote aliipata kwa kutazama nyuso za watu, aliutazama uso wa binti yake akakosea kuusoma.

"Mkorogo!" akanena kwa sauti iliyovuka ukuta. "Umejipaka mkorogo! Mungu amekuumba kwa rangi yake, wewe umeona amekosea? Wiki ya ndoa yako, unataka Latifu aoe mzungu?"

Kule saluni mtu alikohoa kwa kicheko.

Firdausi alitazama sakafu. Ukweli ulikuwa umefika mdomoni, akaumeza. Kuitwa mjinga wa mkorogo kulikuwa na aibu, lakini aibu hiyo wasichana wengi waliwahi kuibeba, na ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine.

"Nisamehe, baba. Ni kweli, nilijipaka." Akavuta ushungi juu. "Lakini ndoa siitaki tena. Mwambieni Latifu asije."

"Unasemaje?"

"Mzee Mwinyijuma!" sauti ikaita kutoka saluni. "Umeniacha na shavu moja! Niende hivi hivi mjini?"

Mwinyijuma alisimama kati ya mlango na mlango, asijue aende wapi. Mwisho akarudi kwenye shavu la mteja, maana shavu lile alilielewa.


Alasiri Maua aliingia chumbani kwa binti yake na bakuli la uji mwepesi, kwa kuwa aliona tangu juzi kwamba mtoto hatafuni. Akakaa kitandani.

"Ule si mkorogo," alisema.

Firdausi aligeukia ukutani.

"Mkorogo hung'arisha kwanza, ndipo huharibu. Wewe hujang'aa hata siku moja. Baba yako ni mwanamume, hajui. Mimi usinidanganye."

Binti akainua pembe ya godoro, akatoa mrija wa dawa ya kupaka, ile ya kuondolea nywele, wenye maandishi ya kigeni. Muuza vipodozi alimwambia aipake, angoje, kisha afute. Hakumwambia angoje kiasi gani. Firdausi aliona nywele zimekaidi, akaiacha dawa ikae wakati anaosha vyombo vyote vya mchana na masufuria, akivumilia moto, mpaka ngozi ikatoka pamoja na dawa.

"Nywele gani?" Maua aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ndevu, mama." Neno lilipotoka, machozi nayo yakatoka. "Nina ndevu. Na nimejiletea mwenyewe."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Baba! Si ndiye anayewaambia vijana kila siku? Mvulana akija na vinywele vya kwanza, anamwambia, 'Rudi nyumbani, kijana. Wembe ndio unaoita ndevu. Ukizipitia leo, kesho utaota msitu.' Nimelisikia neno hilo tangu utoto, hapa hapa ukutani. Nikiwa darasa la saba niliona mbili, hapa. Nikachukua wembe wa baba nikazinyoa. Zikaja nyingine, nikanyoa, zikazidi. Ningeziacha zile mbili, mama, zingebaki mbili."

Maua aliliweka bakuli chini. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akauvuta, akauweka chini ya kidevu chake mwenyewe.

"Papasa."

Vidole vya Firdausi vilikwenda huku na huku, vikasimama.

"Mama!"

"Hizo za leo. Mimi natumia kibano, na majivu ya jikoni ili zisiteleze. Alfajiri, baba yako akiwa msikitini. Marehemu bibi yako, mama yangu, kule Chole alikuwa nazo pia, ila yeye hakujali, alizichana."

"Alizichana?"

"Kwa kitana."

Firdausi alicheka, akaumia, akalia upya. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Walikuwa wamekaa nyumba moja, wanakula sinia moja, kila mmoja akijinyofoa gizani kwake na kufikiri yuko peke yake duniani. Maua akatengeneza mkunjo wa kanga yake.

"Nitakuambia sababu yangu. Mwaka ule nilipoolewa, mwanamke mmoja mwenye ndevu alipita barabarani. Nikamsikia baba yako anawaambia wateja, 'Mke mwenye ndevu utamkalisha wapi, kitini au kitandani?' Walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio. Baba yako alisahau siku ile ile. Mimi sikusahau."

"Na Latifu naye ni mwanamume, mama. Ndiyo maana siendi. Nitaamka kabla yake kila siku mpaka lini? Mpaka nife?"

"Unampenda?"

"Swali gani hilo, mama."

"Basi kunywa uji. Jumatano tunakwenda hospitali. Si ya hapa, hapa kila mtu ni mteja wa baba yako. Tutakwenda Kibaha."


Dirishani pa kuandikisha wagonjwa, huko Kibaha, kijana mmoja aliuliza bila kuinua macho: "Tatizo?"

"Ameungua," Maua alijibu kwa sauti ndogo.

"Na nini? Maji? Mafuta?"

"Na dawa."

"Dawa ya nini, mama? Sema, watu wanangoja."

Foleni yote ikategea sikio, kama foleni zinavyofanya. Maua alifumba mdomo. Kwa siku zake zote hakuwahi kulitamka neno lile mbele ya mgeni, na sasa halikutoka.

"Ya kunyolea ndevu," Firdausi akasema. "Zangu."

Mtu nyuma yao alipuliza pumzi puani. Kijana wa dirishani sasa aliinua macho, akayateremsha haraka, akaandika.

Muuguzi Consolata, mama mnene wa makamo aliyevaa rozari ndani ya kola, alikuwa akipita na faili. Alisimama. "Hao niletee mimi," alisema, na kwa yule aliyepuliza pumzi akaongeza, "Na wewe, baba, funga zipu kwanza, ndipo ucheke."

Chumbani aliosha kidonda kwa upole, akapaka dawa, akauliza maswali yake bila kuona haya, kana kwamba anauliza habari za meno. Nywele ziko wapi pengine? Kifuani, tumboni? Hedhi inakuja kila mwezi?

"Inaruka," Firdausi alijibu. "Mara nyingine miezi."

"Hilo tusilinyamazie. Daktari atakupima damu, akupige na picha ya tumbo. Kuna homoni mwilini, kila mwanamke anayo kidogo ya kiume, na kila mwanamume anayo ya kike. Kwa wengine huzidi kidogo. Na ukoo nao una neno lake." Akamtazama Maua kidevuni, akatabasamu. Maua akajikuta anatabasamu pia.

"Lakini mimi nilizinyoa nikiwa mdogo," Firdausi alisema. "Ndiyo maana zikazidi."

"Hapana, mwanangu. Shina la nywele limo ndani ya ngozi, wembe haufiki huko. Wembe unakata juu tu, unaacha ncha butu, ndiyo maana ukipapasa unaona ni ngumu. Idadi ni ile ile."

"Zilikuwa mbili."

"Na zingeongezeka hata kama usingeuona wembe kwa macho. Ulikuwa unakua." Consolata alivua glovu. "Umesikia? Hukuziita. Zilikuwa njiani."

Firdausi alimwomba aseme tena, naye akasema tena. Kisha akampa maelekezo: hakuna cha kupaka wala kuvuta mpaka ngozi ipone. Baadaye, zikiwa chache, kibano. Zikiwa nyingi, wembe mpya, maji ya uvuguvugu, sabuni, na kufuata upande nywele zinakolala, maana vile vipele vya shingoni vinatokana na kukwangua kinyume bila maji. Sukari na ndimu ni njema kwa miguu. Dawa za kupaka zijaribiwe kwanza mkononi, na saa itazamwe. Mjini kuna na mashine za mwanga za kuunguza mashina, lakini hizo ni za wenye nafasi.

"Nani alikuambia wembe unaita ndevu?" aliuliza walipokuwa wanatoka.

"Kinyozi," Maua alijibu.

"Aa, hao wote husema hivyo. Hata marehemu baba yangu alisema, naye alikuwa mwalimu."


Ijumaa saluni hufungwa mpaka watu watoke msikitini. Mwinyijuma aliporudi na kanzu yake, alimkuta mke wake ameketi katika kiti cha kunyolea, amekielekea kioo. Katika miaka yote ya ndoa yao, Maua aliingia humo kufagia tu.

"Mama Firdausi, vipi? Wateja wanakuja."

"Mimi nimewahi kufika." Akashusha ushungi. "Ninyoe."

Mwinyijuma alicheka kidogo, kisha akaacha. Maua hakuwa ameshika kibano tangu Jumatatu. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukiangukia upande wa shavu lake, na chini ya kidevu zilionekana, fupi, nyeusi, nyingine na mvi.

"Uliuliza mke mwenye ndevu utamkalisha wapi," Maua alisema. "Nimekaa kitini. Huko kwingine nilikwisha kukaa, na ukanizalisha."

"Niliuliza lini?"

"Sikukutegemea ukumbuke."

Alimweleza yote, polepole, bila kupandisha sauti: kibano, majivu, alfajiri, bibi wa Chole. Kisha akamweleza ya Firdausi. Kwamba hapakuwa na mkorogo. Kwamba mtoto amekaa tangu darasa la saba akiamini amejilaani kwa mkono wake, kwa sababu ya neno la baba yake lililopenya ukuta. Na kwamba muuguzi wa Kibaha amesema neno lile si kweli.

Mwinyijuma alikaa kwenye benchi la wateja. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Nami neno hilo nililikuta," alisema. "Aliyenifundisha kazi, Mzee Kondo, alilisema. Nilidhani ni mzaha wa kuwapoza vijana wasiwahi ukubwa. Watu walikuwa wakicheka."

"Ndiyo. Tuliwasikia."

Nje mteja wa kwanza alitikisa mlango. Mwinyijuma alikwenda akatoa kichwa, akasema, "Rudi baadaye, nina mtu kitini," akafunga komeo. Akachemsha maji. Akalowesha taulo safi, akalikamua, akajaribu moto wake kwenye kifundo cha mkono, kisha akamfunika mke wake kidevu, akaiacha mikono yake juu ya taulo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akafungua wembe mpya. Akapaka povu.

"Usinikate sikio," Maua alisema.

"Nyamaza, mama Firdausi. Ukicheka nitakukata kweli."

Alinyoa akifuata zinakolala, kidogo kidogo, akivuta ngozi kwa kidole gumba. Alipomaliza alimfuta, akamgeuzia kioo, na Maua akaona machoni pa mumewe machozi ambayo hakuyaona hata siku walipomzika mama mkwe.

Kisha Mwinyijuma alizunguka uani, akasimama mbele ya mlango wa binti yake. Hakuamuru ufunguliwe.

"Firdausi."

"Abee, baba."

"Nilikutukana kwa jambo ambalo hukulifanya. Na lile la wembe, ni uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini nililisema kila siku, nalo likakupata wewe. Unisamehe, mwanangu."

Wanaume wa umri wake hawawaombi radhi watoto wao, na binti hakufundishwa namna ya kuijibu.

"Nimekusamehe, baba," alisema mwisho.

"Kidonda kikipona, nitakufundisha kunyoa. Vipele vile vinaniaibisha. Watu watasema mtoto wa kinyozi kanyolewa kwa kisu cha mihogo."


Hata hivyo Firdausi hakubadili neno moja: hataolewa na mtu asiyejua. Bi Mwanahalima, alipoelezwa, alikasirika sana. Alisema siri ya mwali haitoki chumbani, kwamba amewahi kuwaficha wenye makubwa kuliko hayo, na kwamba poda nzuri na ushungi uliofungwa vyema vingetosha kuvusha Jumapili.

"Na Jumatatu, shangazi?" Firdausi aliuliza.

"Jumatatu ni mume wako tayari."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Bi Mwanahalima alimgeukia kaka yake, lakini Mwinyijuma alisema tu, "Mwacheni aseme mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Latifu alikuja kutoka Soga pamoja na shangazi yake, Bi Maulida. Alikuwa kijana mrefu, mtengenezaji wa pampu za kumwagilia bustani za kando ya Ruvu, na grisi haikumtoka kuchani hata kwa sherehe. Tangu Jumatatu alikuwa ameambiwa kwamba mwali mgonjwa, na hakuamini. Bi Maulida hakuamini zaidi.

"Shikamoo, mzee," Latifu alimwambia Mwinyijuma, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Firdausi ana neno lake na wewe. Sisi tutakuwapo hapa."

"Bwana harusi azungumze na mwali siku moja kabla ya ndoa?" Bi Maulida alishika kifua. "Huku Kisarawe ndiyo mila mpya?"

"Kaa, mwenzangu," alisema Bi Mwanahalima kwa uchungu wa mtu ambaye mwenyewe hakukubali. "Na mimi nimekalishwa."

Firdausi alitoka. Alisimama mbali kidogo na mkeka, karibu na nguzo ya baraza, mikono imekamata ncha za ushungi. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, lakini yalipotoka yalikuwa machache.

"Mimi naota ndevu," alisema. "Si leo, tangu zamani. Ninazinyoa. Zitaota tena, na nitazinyoa tena, maisha yangu yote. Hospitali wananipima, huenda hata kuzaa kukanichukua muda. Niliogopa utaona, nikapaka dawa, ikaniunguza. Niliwaambia sikutaki. Nilidanganya. Sasa umejua, useme wewe."

Akashusha ushungi.

Bi Maulida alisema "Astaghafirullahi" kwa sauti ya chini, akaanza kutafuta viatu vyake. Maua alimtazama Latifu kwa macho ya mtu anayetazama daktari. Mwinyijuma aliangalia mikono yake.

Latifu alikuwa ameinuka. Alisogea hatua, akasimama, kwa kuwa wazee walikuwapo na haikuwa desturi kukaribia zaidi. Alikitazama kile kidonda kwa makini, kilivyoanza kukauka na kuvuta kando, kama anavyotazama mahali pampu ilipovuja.

"Inauma?" aliuliza.

Firdausi hakuwa amelitayarishia jibu swali hilo. "Inawasha," alisema. "Nikila inauma. Nikicheka."

"Basi kesho haiwezekani." Akamgeukia Mwinyijuma. "Mzee, naomba tungoje wiki, au zaidi, kipone. Siku yake ashindwe hata kula pilau, watu wakila? Haifai."

"Tungoje!" Bi Maulida alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Latifu, umesikia alichokisema huyu binti?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na wageni? Na mbuzi yule wa karamu amefungwa mtini tangu jana, analia?"

"Mbuzi atashukuru, shangazi. Wewe ulisema amekonda. Tumnenepeshe."

Bi Mwanahalima alikuwa wa kwanza kucheka, kisha Maua. Firdausi alijizuia, akabana midomo, akashindwa. Alicheka, kidonda kikavutika, akakishika kidevu kwa viganja vyote viwili, "Aah, Latifu, unaniumiza," akasema, na machozi yakimtoka akaendelea kucheka.